Jiwe gani la asili la kumalizia wembe wa kukunja: Coticule, Arkansas au la Kijapani?

#1 Mtaka_Makali
Wakuu, salaam. Nina wembe wa kukunja wa Solingen, Ujerumani, aliouacha babu mzaa mama. Chuma cha kaboni, ubavu umechimbwa ukawa mwembamba hadi ukiugusa kwa ukucha unalia. Nanoa kwa mawe ya kiwandani, namba 1000, kisha 3000, kisha 8000, namalizia kwenye mkanda wa ngozi. Unanyoa. Shida ni shingo, inawaka mpaka jioni, na mimi ni mtu wa vipele vya ndevu toka ujana.

Kila ninapouliza naambiwa nimalizie kwa jiwe la kuchimbwa, makali yatakuwa mapole. Hela yangu inatosha jiwe moja tu. Lipi? Na kwa nini jiwe lililotoka ardhini lilishinde la kiwandani, ambalo chembe zake zimechujwa na kupimwa? Hili la pili ndilo linaninyima usingizi zaidi.

#2 Povu_na_Brashi
Coticule ya Ubelgiji, funga mjadala. Namba yake ni kama 12,000. Nunua, noa, nyoa.

#3 Bukavu_Liege
Mkuu #2, jiwe umelipatia, namba hapana. Jiwe la kuchimbwa halina namba. Namba ni ya chembe zilizochujwa kiwandani kwa saizi moja. Ukiona muuzaji kaandika Coticule 8000, mwingine 12,000, ujue kila mmoja kakisia kivyake.

Mimi naishi Liège, na Vielsalm siyo mbali. Coticule inatoka huko, kwenye vilima vya Ardennes. Ni utepe mwembamba wa jiwe la manjano uliobanwa katikati ya sleti ya rangi ya zambarau na buluu, na sehemu nyingi utepe wenyewe ni sentimita chache tu. Ndiyo maana jiwe unalopata dukani limegundishwa juu ya kipande cha sleti, lisikatike. Yapo pia yaliyoshikana na sleti yake toka ardhini, na hayo watu wanayagombania. Pale Salmchâteau kuna makumbusho ya jiwe hili.

Kinachokata ndani yake ni ganeti, madini magumu, aina ya spesatini, zimejaa theluthi ya jiwe au zaidi. Ni ndogo mno, nyingi ni kati ya maikroni 5 na 15 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Umbo la ganeti lina pande 12, linakaribia mviringo. Kwa hiyo haichomi chuma kwa ncha, inakipara juu juu na kuacha mfereji mpana usio na kina. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili.

#4 Mpitanjia_Tu
Wakuu, kinyozi wangu anavunja wembe wa dukani katikati, anautia kwenye mpini, ananinyoa, anautupa. Nyie mnasafiri mpaka Ubelgiji kutafuta mawe? Ndevu zenyewe hazijai kiganja.

#5 Povu_na_Brashi
#4 ndiyo maana unaitwa mpitanjia. Pita.

#6 Kinyozi_Mkongwe
Vijana, nimesoma. Nimeanza kunyoa watu Mombasa, Mji wa Kale, mwaka 1974, kabla ya hizo nusu wembe kuingia. Wembe mmoja ulikaa miaka. Jiwe langu lilikuwa moja tu, dogo, linaingia mfukoni mwa koti, lina mistari mitatu upande mmoja. Jiwe la asili kabisa, la kutoka Ulaya. Asubuhi povu kidogo la sabuni juu yake, unapitisha wembe mara chache, unakwenda kwenye mkanda, umemaliza. Hizo namba elfu tatu elfu nane hatukuzijua. Mteja alikuwa analala kwenye kiti.

#7 Bukavu_Liege
Shikamoo mzee. Kwa mistari hiyo mitatu, jiwe lako ni Swaty, na Swaty lilitengenezwa kiwandani, Maribor, Slovenia ya leo. Kampuni hiyo ni ya karne ya 19. Ni jiwe zuri sana la kinyozi, ila halikuchimbwa.

#8 Kinyozi_Mkongwe
Marahaba mwanangu. Kama ni la kiwandani basi uzi huu umepata jibu jingine, maana wateja wangu walikuwa wanalala kwenye kiti hicho hicho.

#9 Mtaka_Makali
Mzee, ulikuwa unalipaka mafuta au sabuni tu?

#10 Kinyozi_Mkongwe
Sabuni tu. Mafuta yakishaingia kwenye jiwe hayatoki. Na mkono uwe mwepesi, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Niliowaona wakiharibu nyembe, wote walikuwa wanakandamiza.

#11 Sonara_Chuga
Nilikuwa napita nikaona neno spesatini, nikasimama. Hiyo tunayo! Spesatini ya Loliondo, rangi ya chungwa, ilitingisha soko la vito hapa Arusha. Sisi tunaikata kuwa kito, kumbe wenzetu wananolea nyembe? Vipi nikikusanya chenga zinazobaki mezani, nikasaga?

#12 Bukavu_Liege
Sonara, madini ni yaleyale, matumizi hayafanani. Ganeti ya Coticule ilikua ikiwa ndogo vile, na umbo lake la kuzaliwa limekamilika pande zote. Ukisaga kito cha Loliondo unapata vipande vilivyovunjika, kila kimoja kina kingo zake kali. Huo ni msasa, na kuna msasa wa ganeti duniani miaka mingi tu. Pili, ganeti ya Coticule imeshikwa na ulanga laini sana. Ukisugua, ulanga unaachia, ganeti zinatoka na kuelea kwenye maji. Hiyo saruji ya asili huwezi kuipika mezani.

Nyongeza: mwamba huo una umri wa miaka milioni 480 hivi, na wanajiolojia mpaka leo wanabishana kama chanzo chake ni majivu ya volkano au matope ya bahari yenye manganizi.

#13 Mkazi_wa_Rabai
Na sisi huku tuna mawe ya Mazeras, yamejaa kwenye kuta na vibaraza vya watu Mombasa yote. Wazee wamenolea panga juu yake tangu zamani. Mbona hamyataji?

#14 Seremala_Keko
Mkazi wa Rabai, hilo ni jiwe la mchanga. Shika kipande kipya, pitisha kidole: unasikia kila punje. Kwa panga na jembe ni safi kabisa, maana panga linataka makali ya kukwaruza. Ukiweka wembe pale utapata msumeno.

Kwa Afrika, kuna Zulu Grey la Afrika Kusini, la kijivu, gumu, laini sana kwa mguso. Hilo linamaliza wembe sawasawa. Kulipata ndiyo kazi.

Sasa nije kwa mleta uzi. Mimi nanolea patasi na randa kwa mawe ya Kijapani, na wembe wangu pia. Hayo yalichimbwa milimani karibu na Kyoto. Nakayama ndilo jina kubwa, na mgodi wake ulifungwa 1967, kwa hiyo unalonunua leo ni la akiba ya zamani au limeitwa Nakayama kwa kutiwa muhuri tu. Chukua gumu, maana la randa likiwa laini kidogo ni sawa, la wembe likiwa laini linakufa mapema. Juu yake unasugua kijiwe cha nagura kupata tope. Hizo nagura nazo zinatoka Kyoto, zina madaraja: botan, tenjo, mejiro, koma. Tope linapofanya kazi, chembe zinavunjika zinakuwa ndogo na ndogo zaidi, hivyo jiwe moja linaanza na kukata na kuishia na kung'arisha. Ndiyo siri ya upole, Mtaka Makali. Si umbo la ganeti.

#15 Maji_na_Tope
Seremala, mawili.

Kwanza, botan, tenjo, mejiro na koma zinatoka Mikawa, mkoa wa Aichi, mbali kabisa na Kyoto. Za Kyoto ni tomonagura, vipande vya mwamba uleule wa jiwe kubwa.

Pili, hiyo ya kuvunjika inaweza kuwa kweli kwa mawe ya Kijapani, lakini Coticule inafanya vilevile na ganeti zake hazivunjwi na uzito wa wembe. Kinachobadilika ni maji. Tope likiwa zito, chembe zinazoelea zinagongana uso kwa uso na makali kila unaposukuma wembe mbele. Zinakata haraka sana ubavuni, na papo hapo zinayabutua makali yenyewe. Kwa hiyo unafika mahali makali hayaongezeki tena hata ukinoa mpaka kesho. Hapo ndipo unatia maji. Tone kwa kidole, mapito kadhaa, tone jingine, mapito kadhaa, hadi jiwe linabaki na maji matupu. Macho yako yawe kwenye maji yanayosukumwa mbele ya makali: mwanzoni ni kama maziwa, mwishoni unaliona jiwe chini yake bila ukungu. Anayeharakisha hatua hii ndiye anayekuja kusema Coticule haifikii makali.

#16 Seremala_Keko
Mikawa nimekubali. Ya pili sikubali. Paka tope la mwanzo na la mwisho kwenye vidole uone. La mwisho halina punje kabisa.

#17 Maji_na_Tope
Kwa sababu umelitia maji mara kumi, fundi!

#18 Mbongo_Arkansas
Wakuu, nipo huku huku Arkansas, Hot Springs ni mwendo wa saa moja. Mmezungumza tope weee, jiwe la hapa halina tope, na linatoa makali mapole kuliko yote niliyowahi kuweka usoni. Kwa hiyo nadharia zenu zote mbili zina kazi ya kufanya.

Jiwe la Arkansas linaitwa novakulaiti. Karibu lote ni silika, chembe za kwatzi zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Wenyeji wa Marekani walikuwa wakilichimba kutengeneza ncha za mikuki karne nyingi kabla ya wazungu. Siku hizi linauzwa kwa madaraja: laini, gumu, jeusi, na lile linalopitisha mwanga ukingoni ukiliweka mbele ya tochi. Wengi wanadhani madaraja ni ya ukubwa wa chembe. Sivyo. Chembe zinakaribiana mno. Tofauti ni jinsi zilivyobanana. Kwa hiyo rangi inadanganya, pima mwenyewe. Weka jiwe kwenye mzani, pata gramu. Kisha weka bakuli la maji kwenye mzani, urudishe sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini, soma tena. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili. Jiwe laini linakuja 2.3 hivi au chini. Gumu la kumalizia wembe linapita 2.5. Muuzaji hawezi kubishana na mzani.

Chembe hazitoki, zimekaa palepale, na uso wa jiwe ukishatumika unakuwa kama umepakwa vanishi. Nadhani haukati tena, unakandika chuma kikalala laini. Ubaya wake ni uvivu. Mtaka Makali akitoka na mikwaruzo ya namba 3000, atazeeka hapo. Lazima afike kwenye jiwe hili kazi ikiwa imeisha.

#19 Mpitanjia_Tu
Bado nipo. Sasa jiwe lisilokata linanoaje?

#20 Mbongo_Arkansas
Linakata, ila kidogo mno. Chukua lenzi ya fundi saa uangalie kabla na baada, mikwaruzo inafifia polepole.

#21 Dada_Nesi
Habari zenu kaka zangu. Mimi sinoi, ila mume wangu ananoa na vipele navijua. Kaka Mtaka Makali, vipele vya ndevu havitoki kwenye jiwe. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha inarudi kuchoma ngozi kutoka ndani au pembeni, mwili unapambana nayo, kipele kinatoka. Makali yakizidi na ukivuta ngozi wakati unanyoa, unakata chini zaidi, unazidisha. Nyoa kwa kufuata nywele zinakoelekea, pito moja, usivute ngozi, lowesha ndevu vizuri kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Kuwaka ni jambo jingine, huko ndiko mawe yenu yanaweza kuhusika.

Na wembe huo ni wa mtu mmoja. Usimwazime ndugu wala rafiki, hata aombe vipi. Damu hata kama huioni ipo, na virusi vya homa ya ini havihitaji nyingi.

#22 Kinyozi_Mkongwe
Binti kasema kweli. Shingo za watu wetu nywele zinakwenda pande tatu tofauti. Mimi nilikuwa napapasa kwa kidole kwanza, kisha nanyoa.

#23 Mtaka_Makali
Asante dada. Mwelekeo wa nywele nitaufuata. Lakini ninyi wa mawe, naona sasa nina majibu manne: umbo la ganeti, chembe kuvunjika, maji, na kukandika. Nani yuko sahihi?

#24 Ngozi_ya_Ngombe
Hakuna hata mmoja. Ni mkanda. Namba 8000 inaacha ukingo wenye meno madogo, na meno hayo ndiyo yanayowasha shingo. Paka dawa ya kijani, kromu oksaidi, chembe zake ni karibu nusu maikroni, kwenye kipande cha kitambaa kizito. Mapito machache, kisha ngozi tupu mapito hamsini au zaidi. Shingo itanyamaza bila kuagiza jiwe kutoka popote. Hao wenye mawe ya asili, wakishanoa, wote wanakwenda kwenye mkanda, halafu sifa wanalipa jiwe.

#25 Bukavu_Liege
Ngozi, kama ni mkanda tu, mbona huyu wa #1 ana mkanda na bado anawaka?

#26 Ngozi_ya_Ngombe
Ana mkanda, hakusema anautumiaje. Mkanda uliolegea unaviringisha makali. Uvute unyooke, mgongo wa wembe usinyanyuke hata kidogo, na ukifika mwisho geuza wembe kwa mgongo, makali yasiguse.

#27 Fukara_Mwenye_Wembe
Kwa wenzangu wenye mfuko mwembamba: jiwe la Guangxi la Kichina. Limechimbwa, linauzwa kwa bei ya chini sana mitandaoni, wanaliita 12K (namba hiyo mshaambiwa ni ya kukisia). Ni gumu, linakata taratibu sana, na linakuja halijanyooka. Likinyooshwa vizuri na ukawa na subira linamaliza wembe. Ndilo ninalotumia na sioni aibu.

Kunyoosha: kioo kinene juu ya meza, msasa wa maji wa fundi rangi ya magari, namba 220 kisha 400 kisha 1000. Chora miraba ya penseli uso mzima wa jiwe, sugua juu ya msasa mpaka penseli yote iishe. Pembeni ikiisha na katikati ikabaki, jiwe lina bonde, endelea. Kona zivunje kidogo zisikwangue wembe. Yote hayo kwa maji, kamwe usisugue kavu, vumbi la silika linakaa kwenye mapafu na halitoki.

#28 Povu_na_Brashi
Na Escher je? Hamjalitaja jiwe la wafalme!

#29 Maji_na_Tope
Jiwe la Thüringen, Ujerumani, la J. G. Escher & Sohn wa Sonneberg. Sleti laini, la manjano-kijani hadi buluu iliyokolea, tope kidogo, makali matamu. Machimbo yalifungwa karne iliyopita, sasa watu wanalipia lebo ya karatasi iliyobandikwa ubavuni. Lebo zinaghushiwa. Kwa mtu mwenye hela ya jiwe moja, simshauri.

Na kumbuka, Povu, hilo halina ganeti na wanaolitumia wanasema ndilo pole kuliko yote. Nadharia ya #3 inalijibu vipi?

#30 Bukavu_Liege
Mimi nimeeleza Coticule. Jiwe tofauti, sababu tofauti. Kwani lazima mawe yote yawe na sababu moja?

Na kuna mtu kaniuliza pembeni kama sleti ile ya buluu haina ganeti. Inazo, robo hivi, ila ni chache kuliko za manjano ndiyo maana inakata taratibu. Ni rahisi pia kwa bei. Mtaka Makali aifikirie.

#31 Seremala_Keko
Mleta uzi, mimi ningeanza na chuma. Wembe wa Solingen uliochimbwa ubavu ni mwepesi kunyumbulika. Juu ya jiwe gumu sana, ukikandamiza hata kidogo, ubavu unapinda na makali yananyanyuka. Wembe mnene wa Sheffield, Uingereza, haukusumbui hivyo. Kwa huo wako, Coticule au la Kijapani la ugumu wa kati. Hayo ya Arkansas yasubiri mkono utulie.

#32 Mbongo_Arkansas
Mkono ukitulia jiwe lolote ni zuri, fundi, ndiyo hoja ya mzee tangu #10.

#33 Sonara_Chuga
Mimi nina wazo. Tafuteni nyembe mbili pacha, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Moja imaliziwe kwa Coticule, nyingine kwa Arkansas, mkanda mmoja, mtu mmoja anoe. Mleta uzi anyoe shavu la kulia kwa moja na la kushoto kwa nyingine, asiambiwe ipi ni ipi. Tumalize kelele.

#34 Mtaka_Makali
Niko tayari. Mashavu ninayo.

#35 Maji_na_Tope
Haitamaliza. Coticule moja na nyingine za machimbo yaleyale hazifanani: kuna zinazotoa tope kwa kugusa tu, kuna zinazokaa na ugumu wake. Utakuwa umepima kipande kile, siyo Coticule. Na shavu lako la kulia nywele zinalala upande wake, la kushoto upande wake.

#36 Sonara_Chuga
Basi wiki inayofuata abadilishe mashavu.

#37 Maji_na_Tope
Na anayenoa naye asijue anashika jiwe gani. Hapo utafanyaje, moja la manjano, jingine jeusi?